Ndege Iliyoanguka Mbala

Watoto wa Kabuta huunda ndege kwa waya na mabua. Mimi ninaunda moja ya mbao, itakayoongozwa kwa redio: Airspeed Envoy iliyopunguzwa mara 8, ambayo hata hivyo ina mabawa ya mita 2.

Rafiki zangu huuliza kwa nini sikuchagua Percival Vega Gull. Ndiyo iliyoshinda mashindano ya Schlesinger ya mwaka 1936, kutoka Portsmouth hadi Johannesburg, kwa saa 52 na dakika 56. Ndege 9 ziliondoka. Ikafika hiyo peke yake. Tena ina injini moja, kazi yake ni nyepesi.

Lakini Envoy ilianguka katika nchi yetu. Tarehe 1 Oktoba ilipokuwa ikiondoka Abercorn, mji tunaouita Mbala, ilishindwa kupita juu ya miti. Rubani Max Findlay na Morgan, fundi wa redio, walifariki. Mbala iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, mabawa hukosa nguvu ya kuinua, injini hudhoofika, na ndege hudai uwanja mrefu zaidi.

Wazee wameniuliza nitairusha wapi. Wana haki. Ufukweni mwa Mweru akina mama huanika dagaa, na chombo cha kilo kadhaa chenye pangaboi mbili chaweza kuua mtu. Tumepatana: nitairusha asubuhi, kabla ya upepo wa ziwa, mbali na ufuko, na mzee yeyote akisema “teremsha”, nitateremsha.