Kanga ya marehemu haikatwi?

Mwanaume akikaa barazani na cherehani, hakuna anayemshangaa. Pita Kariakoo, pita Manzese, mafundi nguo wengi ni wanaume na tunawaita fundi kwa heshima zote. Lakini mwanaume huyo huyo akishona chumbani kwake, Jumamosi jioni, wenzake wako kwenye mpira, jamani ni kasheshe. Mimi nimepanga chumba na sebule Tabata. Washikaji wakisikia mlio wa cherehani wanabisha hodi, eti nimeoa lini.

Sijaoa. Nashona shuka la viraka, au kama wazee wa pwani wanavyosema, mfarishi.

Cherehani ni ya miguu, nimeiazima kwa jirani. Uzuri wake haili umeme. Nyumba yetu wapangaji wanne tuna LUKU moja, na pasi peke yake inatugombanisha. Ubaya wake ni kelele. Ikifika saa tatu usiku mwenye mtoto mchanga chumba cha pili anagonga ukuta, basi naiacha nachukua sindano ya mkono.

Vitambaa ni kanga za marehemu mama. Baada ya arobaini nguo zake ziligawanywa kama kawaida, zikabaki kanga saba zilizochakaa katikati. Pindo bado zima, rangi inaonekana, lakini mji umekuwa mwembamba kama chandarua. Kanga ya namna hiyo huivai, humpi mtu, na kuitupa huwezi. Mwishowe inakuwa tambara la kudekia, na hapo ndipo nilipokataa. Dada yangu amejifungua mtoto wa kike ambaye hakuwahi kumwona bibi yake. Mjomba nikaona nimshonee kitu.

Habari zikafika Tanga kwa mama mdogo. Simu ikapigwa. Shikamoo yangu haikuitikiwa.

"Nasikia unakatakata kanga za dada yangu? Kanga ya marehemu haikatwi!"

Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu. Inasimuliwa kwamba kanga zenyewe zilianza kwa mkasi na sindano. Karne ya 19, akina mama wa pwani yetu walikuwa wakinunua leso za mkononi, zile zilizoletwa na wafanyabiashara wa Kireno, zikiuzwa zimeungana kama jora. Wakakata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakaviunga, ikawa nguo moja ya leso sita. Ndiyo maana Mombasa hadi leo kanga inaitwa leso. Wenye maduka walikuja baadaye kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Sasa mama mdogo, kama bibi zetu waliunga vipande, mimi kosa langu nini?

Akanyamaza. Kisha akasema, "Wao walikata mpya."

Nikakosa jibu.

Kazi yenyewe usifikiri ni kukaa na kukanyaga tu. Fundi mmoja wa mtaani kwetu alinikataza kabisa kuchanganya na kitenge: kizito kile, kitaichana kanga iliyochoka. Ushauri huo kwa soda moja! Kila kiraka nakikata inchi 6 na nusu kwa kipimo cha kadibodi. Robo inchi kila upande inaliwa na mshono, inabaki inchi 6. Viraka 6 kwa 7 ni 42, unapata shuka la mtoto la inchi 36 kwa 42. Hesabu ya darasa la nne, lakini ukipunja kidogo kwenye kila mshono, mstari wa mwisho hauonani na wenzake. Na pembe nne zikikutana sawasawa, we acha tu! Juzi nilimwita mpangaji mwenzangu aje aone pembe. Akaangalia, akauliza chakula kiko wapi.

Halafu kuna majina ya kanga. "Hasidi hana sababu" imezaa viraka viwili: "Hasidi hana" na "sababu". Hicho cha "sababu" nimekiweka kona ya juu, karibu na kichwa cha mtoto. Ajiulize mwenyewe akikua.

Wiki iliyopita mama mdogo alikuja Dar kwa harusi, akatokea kwangu bila taarifa. Akaketi kitandani, akawa anashika kiraka kimoja kimoja. Hii tulivaa sare nilipoolewa. Hii ya msiba wa babu yenu. Hii alikopa, akalipa miezi mitatu. Mimi kanga hizo nilikuwa nazijua kwa rangi tu. Nikachukua penseli, nikawa naandika nyuma ya kila kiraka anachokisema.

Akafika kwenye ya saba, ambayo mkasi haujaigusa. "Hii ndiyo mbeleko yako. Hii, mwanangu, hapana."

Tukaipima. Inchi 60 kwa 43. Inatosha kukaa chini ya shuka kama bitana bila kukatwa hata uzi mmoja, ziada inapindwa kuja juu. Akafikiri, akakubali kwa sharti moja: jina lisomeke lote.

Sasa napiga bandi matabaka matatu, viraka juu, blanketi la zamani katikati, mbeleko chini. Subana ninayo na bado kidole kinauma. Mtoto anatimiza miezi mitatu mwisho wa mwezi, na jirani ameanza kuulizia cherehani yake.