Kuku wa Naviundu

Juma hili tulizunguka Naviundu, lupango kwa lupango, kutazama kuku. Katika nyumba nyingi kuku ndiye minerval ya watoto. Akikufa, mtoto anafukuzwa masomoni.

Mambo matatu yanawamaliza. Kwanza, baridi. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1 200, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ni mkali. Kifaranga wa juma la kwanza anahitaji joto la digrii 32 hadi 35. Mbabula inasaidia, lakini tuache nafasi ya hewa kupita: hewa ya makala inaua vifaranga, inaua na watu.

Pili, maji. Mto Naviundu unapita katika mji wa viwanda vya shaba, na watafiti wamekuta humo shaba na kobalti. Tuwape kuku maji tunayokunywa sisi wenyewe.

Tatu, ugonjwa wa Newcastle. Hauna dawa, na unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Kinga ni chanjo, nayo inarudiwa. Chupa moja inatosha kuku wengi. Basi tuchange majirani, tumwite veterineri siku moja, kabla kuku hawajaanza kusinzia.