Njia ya Wazee Wetu Hata Bahari

Njia yaweza kumfundisha mtu kama kitabu, ila yampasa kuifuata. Katika likizo kubwa tulitoka Kalemie, tukavuka ziwa Tanganyika, na toka Kigoma tukasafiri kwa gari pamoja na wana wetu hata Bahari ya Hindi. Ndiyo njia ya misafara ya zamani: Ujiji, Tabora, Bagamoyo. Gari huimaliza kwa siku chache. Wapagazi waliiendea kwa miguu, miezi kwa miezi, na mapembe ya ndovu mabegani.

Katika Ujiji wageni huonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini sisi tuliwakumbuka watu wa kwetu. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba, akaona wafanyabiashara wakiwapiga watu risasi sokoni, na wengi wao wanawake. Habari zake ziliamsha hasira Ulaya, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Bagamoyo tuliuona msalaba na nyumba za misioni iliyoanzishwa mwaka 1868 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliowakomboa watumwa wakawapa makao. Hapo mwaka 1874 Chuma, Susi na wenzao waliufikisha mwili wa Livingstone. Jina la mji hufasiriwa namna mbili: wengine husema ni furaha ya mpagazi atuaye mzigo, wengine kwamba ni huzuni ya mateka aliyeacha moyo wake nyuma.

Mtoto wetu wa kwanza akauliza: «Baba, basi watu wa pwani ni adui zetu ama ndugu zetu?»

Hatukumjibu upesi. Tulimpeleka kwanza Kaole, penye magofu ya msikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe. Kisha Kilwa, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, akausifu uzuri wake. Ndipo tukamwambia: «Mwanangu, miji hii ilikuwako karne nyingi kabla ya misafara kufika kwetu. Pwani haikuzaliwa na utumwa. Tena, walioiba watu hawakuwa wa pwani peke yao. Hata bara walikuwako wakubwa waliouza jirani zao. Na Kiswahili unachoniulizia kilitufikia kwa njia ile ile ya minyororo. Wamanyema wa Ujiji, ambao asili yao ni kwetu, wanakisema kama wewe.»

Alinyamaza, akagusa ukuta wa mawe.

Enyi wazazi, msiwafiche watoto ubaya wa zamani, wala msiwape chuki iwe urithi. Waambieni yote mawili, mnyororo na lugha. Mtoto aliyesikia nusu ya habari atajitungia nusu ya pili, na mara nyingi ataitunga vibaya.