Habari za Vijana Waliomaliza Kidato cha Nne

Mara nyingi ninyi wanafunzi wa darasa la sita na la saba mmeniuliza, "Mwalimu, wale wakubwa wanaomaliza sekondari huenda wapi?" Swali hili ni jema, wala sikupenda kulijibu kwa maneno matatu nikiwa nimesimama mlangoni. Basi leo nitawapa habari za vijana wanne ninaowajua. Majina yao sitayataja, kwa kuwa wako hai, tena wengine wao wana haya. Walakini mwenye macho atawatambua.

Watatu kati yao naliwafundisha mwenyewe. Walikuwa darasa la saba mwaka 2020, mwaka ule wa ugonjwa wa korona, ambapo shule zote za nchi zilifungwa mwezi wa Machi, na za msingi hazikufunguliwa mpaka mwisho wa Juni. Siku zile nalikuwa nikipanda vilima na maswali ya hesabu niliyoyaandika kwa mkono, nao hunirudishia majibu siku ya gulio. Karatasi nyingine zilirudi zikiwa na madoa ya karoti, lakini zilirudi. Walifaulu, wakaingia kidato cha kwanza Januari 2021 katika shule ya sekondari ya serikali iliyo juu yetu hapa. Shule za serikali hazitozi ada kwa kidato cha kwanza hata cha nne tangu Januari 2016, na lau isingalikuwa hivyo, mmoja wao asingalifika huko kabisa. Wakamaliza Novemba 2024.

Mwaka wa mwisho wa sekondari si mwaka wa kulala. Ninyi mnajua baridi yetu ya Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka msitu wa Magamba hata mtu asione mbuzi wake mwenyewe aliyemfunga mlangoni. Katika baridi hiyo vijana wale walitoka nyumbani gizani wakiwa na tochi, wakafika shuleni kabla ya jua, wakasoma saa nzima kabla ya kengele. Jioni walikuwa na kazi zao nyingine: huyu katika kitalu cha miti, huyu katika kwaya, huyu katika mdahalo.

Tena kuna mahafali. Kwetu mahafali hufanywa kabla ya mtihani, mwezi wa Septemba au Oktoba. Mwanafunzi huvishwa mashada shingoni, wazazi hupika pilau, mgeni rasmi hutoa hotuba ndefu. Kisha baada ya wiki chache yule yule aliyeshangiliwa huketi kwenye mtihani akiwa hana hakika ya lolote. Mimi naona ni kama kufanya karamu ya mavuno mahindi yakiwa bado mabichi. Nalimwambia hivyo mzee mmoja jirani yangu, akacheka, akanijibu kwamba ni afadhali kuwe hivyo, maana baada ya matokeo si wote watakaotaka kula pilau.

Wa kwanza katika wale vijana alikuwa kiranja mkuu. Ni kijana mrefu, mpole wa maneno, mwenye kupenda mambo yawe kwa taratibu. Hata kalamu zake huzipanga kwa urefu. Watu wote walisema atapata daraja la kwanza na kuwa daktari. Matokeo yalipotoka Januari 2025, alipata daraja la tatu. Siku mbili hakuonekana nje. Siku ya tatu nalimkuta katika kitalu cha shule, ambacho hakikuwa tena kazi yake, akimwagilia miche.

Asili yao ni Mlalo. Wazee wa ukoo wake waliona mambo ya mwaka 1946, serikali ya Waingereza ilipoanza mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde lile, ikawalazimisha watu kuchimba matuta milimani. Watu waliichukia kazi ile, wakaigomea, hata mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. "Mwalimu," aliniambia siku ile kitaluni, "udongo ulikuwa unakwenda na maji kweli. Wazee walijua hivyo. Walichokataa ni kuamriwa na mtu asiyelima." Ndipo akaniambia kwamba hapendi udaktari wala hajapata kuupenda; ni watu waliompangia. Ameomba nafasi katika chuo cha kilimo cha Mlingano, wilaya ya Muheza. Baba yake hakufurahi. Alisema, "Nimekusomesha miaka kumi na mmoja ili urudi kushika jembe?" Nami nadhani maneno hayo yanasemwa katika nyumba nyingi za milima hii, maana mashamba yetu yamegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata mengine yamebaki kama ua wa kuanikia nguo, na baba asiye na ardhi ya kurithisha hutaka kumrithisha mtoto kazi ya ofisini.

Wa pili ni wa Soni, mpiga tarumbeta katika bendi ya kanisa, mcheshi ambaye hakuweza kukaa kimya dakika tano. Walimu walimpenda na kuchoshwa naye kwa pamoja. Alipata daraja la nne, akasema, "Nne ni nyingi kuliko moja." Sasa huenda na lori la baba yake mdogo, hupakia kabichi, karoti na viazi, hushuka zile kona za Soni mpaka Mombo, kisha Dar es Salaam. Msidhani elimu yake imepotea. Mnajua lumbesa, lile gunia linalojazwa likapandishwa kilemba juu, mkulima akalipwa bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu. Sheria ya vipimo inakataza gunia kupita kilo 100. Kijana huyu amenunua mizani ndogo ya kuning'iniza, naye hupima karoti za mama yake na za jirani mbele ya wanunuzi, akipiga hesabu kwa sauti kubwa na kuchekesha watu, hata mnunuzi anaona haya. Si wanunuzi wote wanaompenda. Anakusudia kujifunza ufundi wa magari katika chuo cha VETA pindi atakapoweka akiba ya kutosha, mimi namwomba asikawie, kwa kuwa fedha ya lori ni tamu, na ameanza kusema "mwakani."

Binti wa tatu sikumfundisha, ila ni jirani yangu. Haoni tangu utoto. Alianza masomo katika shule ya wasioona ya Irente, kisha akaenda shule ya bweni mbali na hapa. Husoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu, na akisoma neno kanisani kwetu wakati wa likizo, hakwami hata mahali ambapo sisi tunaoona hukwama. Ni mkali wa hoja. Katika mdahalo mmoja mpinzani wake alianza, "Kama mnavyoona wenyewe," naye akamwambia, "Mimi sioni, basi nieleze vizuri." Anataka kuwa mwalimu wa watoto wenye ulemavu, kazi ambayo milima yetu ina historia nayo: chuo kikuu kilichoanzishwa Magamba na kanisa la Kilutheri mwaka 2007, chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, kilijulikana hasa kwa kuwafundisha walimu wa namna hiyo. Sasa yuko kidato cha tano.

Nimemweka wa nne nyuma kwa sababu habari zake ni ndefu.

Yeye ni mtoto wa mjane, msichana wa maneno machache sana. Katika darasa langu alikuwa akimaliza hesabu, akageuza daftari uso chini, akangoja wenzake bila kuwatazama. Baba yake alipofariki, jirani mmoja alisogeza mpaka wa shamba kwa hatua kadhaa, akapanda migomba upesi. Mama alikwenda baraza la kijiji, akaulizwa ushahidi, hakuwa nao. Tangu siku ile mtoto huyu alitaka kuwa mpima ardhi. Alisema neno hilo mara moja tu, darasa la tano, wala hakulirudia.

Lazima mjue kwamba mtihani hufanywa Novemba, na matokeo hutoka Januari. Walakini kidato cha tano huanza Julai. Kwa hiyo kuna miezi kama minane ya kungoja, na miezi hiyo, kwa maoni yangu, ni migumu kuliko mtihani. Wavulana hushuka Mombo au Dar es Salaam kutafuta vibarua. Wasichana wengi wa Usambara huchukuliwa kufanya kazi za nyumbani mijini. Wako waliorudi na fedha na mavazi, wakaendelea na masomo. Wako pia ambao Julai ilifika, nafasi zao zikawa tupu.

Mwezi wa Desemba mjomba wake alikuja kutoka Dar es Salaam. Si mtu mbaya; ndiye aliyenunua sare na viatu vyake miaka minne. Alikuwa amemtafutia kazi ya kulea mtoto, na nauli ya basi alikuwa nayo mfukoni. Mama alikubali, kwa kuwa alidaiwa dukani. Msichana akaja kwangu jioni, akasema tu, "Mwalimu, mama anakuomba ufike."

Nalimkuta mjomba ameketi kwenye kigoda karibu na moto. Tukaamkiana, tukala makande. Kisha akaniambia, "Mghoshi, wewe ni mwalimu. Huoni kwamba mtoto akikaa miezi minane bila kazi ataharibika? Kule ni kwa watu wema. Julai ikifika atarudi."

Nikamwuliza, "Nani atakayemrudisha?"

"Mwenyewe atarudi."

"Kwa ruhusa ya nani, ikiwa mtoto wa watu amekwisha kumzoea?"

Hapo akakasirika kidogo, akasema kwamba walimu ni hodari wa kuzuia lakini hawalipi madeni ya dukani. Neno hili lilikuwa la kweli, nami sikuwa na jibu. Ndipo msichana alipotoka chumbani na daftari. Akapiga magoti, akamwamkia mjomba wake, akaliweka mbele yake. Alikuwa ameandika upande mmoja mshahara wa kule, akaondoa nauli ya kwenda na kurudi, sabuni, na matibabu endapo ataugua. Upande wa pili aliandika vibarua vya kuchuma plamu na peasi msimu huu wa mavuno, na watoto tisa wa jirani ambao wazazi wao wamekubali kumlipa kidogo awafundishe hesabu jioni. Tofauti ilikuwa ndogo. Chini yake alikuwa ameandika deni la dukani na mwezi litakapokwisha.

Mjomba alisoma kwa muda mrefu. Akasema, "Na mvua ikizuia kuchuma?" Akajibu, "Nimehesabu siku za mvua, mjomba."

Mama ndiye aliyeamua. Akasema mtoto atabaki. Mjomba aliondoka alfajiri na nauli yake, na kwa muda wa miezi kadhaa hakupiga simu. Jambo hilo lilimwumiza sana mama, maana huyo ndiye ndugu yake wa pekee. Nalimwona kanisani akitazama simu kila mara. Msinielewe kwamba kubaki kulikuwa rahisi. Januari mvua zilizidi siku alizozihesabu, na wazazi wawili hawakumlipa mpaka leo.

Alipata daraja la pili. Alichaguliwa kidato cha tano katika mkoa mwingine, asome Fizikia, Jiografia na Hisabati, masomo ambayo mtu anayetaka kwenda Chuo Kikuu Ardhi huyahitaji. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali iliondolewa tangu mwaka wa masomo 2022/2023, na kwa chuo kikuu iko Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005. Lakini sanduku, godoro, ndoo na nauli havina bodi. Wiki moja kabla ya safari, lile lori la kabichi lilisimama mlangoni kwao likirudi kutoka Dar es Salaam. Mpiga tarumbeta akashusha godoro jipya, akasema limetoka kwa mjomba. Hapakuwa na barua wala ujumbe.

Baadhi ya wazee hulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawakai milimani. Nawakumbusha kwamba Mbegha, baba wa Wakilindi, mwenyewe alikuwa kijana mwindaji aliyeondoka kwao Ngulu, akaja kutawala Vuga. Na Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alikwenda Dar es Salaam kusoma mwaka 1922, akamaliza mwaka 1926, akawa karani wa forodha Pangani, na katika ukarani huo akaandika. Kuhama ni kwa zamani. Lililo jipya ni kwamba sasa hata wasichana huulizwa wanataka nini, ingawa si katika kila nyumba.

Yule kiranja mkuu bado anangoja kwenda chuoni. Jumatano ijayo atafika shuleni kwetu kutuonyesha jinsi ya kuhamisha miche ya miti kutoka kitaluni bila kukata mizizi. Leteni majembe, na mwenye swali la kumwuliza na aliandike kabla hajaja, maana yeye hapendi kuulizwa mambo mawili kwa wakati mmoja.