Mita Mia Nne za Maji



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu wa kila juma, juma lililopita hatukuandika kitu hapa, na baadhi yenu mmeuliza kama Paroko anaumwa. Hatukuwa tunaumwa, ingawa miguu ilikuwa imekaza kiasi cha kutufanya tupande ngazi za altare kama mzee wa miaka themanini. Tulikuwa tumeshiriki mashindano ya triathloni, ya kwanza katika maisha yetu, na kwa kuwa habari zake zilifika sokoni kabla yetu, tena zikiwa zimeongezwa chumvi, tumeona heri tuzisimulie wenyewe. (Mtatuvumilia kwa desturi ya kuandika “sisi” tunapojisemea, ndivyo tulivyozoezwa seminarini, na katika umri wa miaka arobaini na zaidi si rahisi kuacha.)

Kwa wasioufahamu, mchezo huu huunganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, bila mapumziko katikati, na saa haisimami hata pale unapofunga kamba za viatu. Ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974, ukaingia katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Mwezi Agosti 2022 majirani zetu wa Rwanda waliandaa mashindano marefu ya aina hii Rubavu, kando ya Ziwa Kivu: kilometa 1.9 za maji, 90 za baiskeli na 21.1 za mbio. Ni video ya mashindano hayo, katika simu ya kijana wetu mmoja afanyaye kazi mgodini hapa Geita, iliyowasha moto huu. Vijana wakasema, ziwa tunalo, baiskeli tunazo, na vumbi la kukimbilia halina bei. Kipimo kifupi kinachozoeleka ni mita 750 za kuogelea, kilometa 20 za baiskeli na 5 za mbio. Wao wakapunguza maji yakawa mita 400, kisha wakaja kutuomba tuwe mlezi wa siku hiyo. Tukawajibu kwa majivuno kwamba hatutakuwa mlezi tu, tutashindana nao.

Majivuno hayo yalikuwa na msingi. Sisi ni wa Shinyanga, na mtu wa Shinyanga hafundishwi baiskeli. Marehemu baba alikuwa na Phoenix iliyobeba magunia ya pamba, maji, wagonjwa na watoto, nasi tulijifunza kuiendesha kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo kwa sababu kiti hatukukifikia. Wakati wa likizo za seminari ndogo tuliendesha daladala za baiskeli pale mjini, zile zenye kiti cha sponji nyuma, kabla bodaboda hazijazifukuza barabarani. Tuliwahi kupakia mama, mtoto na kuku wawili kwa safari moja. Basi tulipowaambia vijana kwamba watatuona mgongo tu, wakacheka wote, isipokuwa mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, mvuvi wa dagaa kutoka kigango chetu cha kisiwani. Yeye akauliza kwa adabu, “Na maji je, Baba?”

Hapa ndipo ilipo habari yenyewe.

Tulikulia nchi kavu. Maji mengi tuliyoyajua yalikuwa ya lambo la ng'ombe, na mtoto aliyeonekana karibu nalo bila ng'ombe alichapwa, kwa kuwa watoto walizama humo. Tulikuwa seminari ndogo tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu kupoteza maisha. Tunakumbuka redio ya mlezi wetu, na wanafunzi wa Bukoba wakiitwa mmoja mmoja. Tangu siku ile hofu ikajenga nyumba ndani yetu. Tulipokwenda Ntungamo kusoma falsafa, wenzetu walipanda MV Victoria usiku wakaamka Bukoba. Sisi tulizunguka kwa basi, tukisema tunapenda kuona nchi. Kwenye kivuko cha Busisi tulikaa ndani ya gari tukisali rozari, na abiria wakadhani ni uchaji. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, wengi walishukuru kwa sababu ya kuokoa muda. Shukrani zetu zilikuwa za namna nyingine.

Ajali ya MV Nyerere, Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Ukara, ambako zaidi ya watu 220 walikufa, ilitupa hoja mpya. Tuliitumia vizuri. Kigango cha kisiwani kikawa kinatembelewa na Katekista, nasi tukienda pale tu ambapo haikuwezekana kukwepa.

Mwaka 2023, usiku mmoja wa masika, simu ilipigwa saa mbili. Bibi mmoja mzee, muumini wa siku nyingi wa kisiwa kile, alikuwa katika hali mbaya na aliomba Mpako wa Wagonjwa. Mjukuu wake alikuwa tayari amevuka na mtumbwi, anatusubiri mwaloni. Tulitoka nje tukatazama mbingu. Kulikuwa na upepo. Tukamwambia Katekista kwamba ziwa limechafuka, tutakuja alfajiri. Bibi alifariki kabla ya alfajiri. Siku ya maziko tulivuka mchana, maji yakiwa yametulia kama kioo, na katika homilia tukawaambia wafiwa kwamba dhoruba ilituzuia.

Haikuwa dhoruba, wapendwa. Usiku ule wavuvi wa dagaa walitoka na taa zao kama kawaida. Mambo haya tumeyapeleka mahali ambapo dhambi hupelekwa, lakini uongo ule tuliusema mbele ya kaburi na mbele ya watu, hivyo haukutosha kuungamwa faraghani peke yake. Na yule kijana aliyeuliza juu ya maji ndiye mjukuu.

Hatukuweza kumkwepa tena, kwa kuwa ndiye pekee kati yao aliyekuwa na subira ya kufundisha mtu mzima. Alianza na beseni. Kwa majuma mawili, kila asubuhi baada ya Misa, tulitumbukiza uso katika beseni la maji hapa nyumba ya mapadri, tukijizoeza kutoa pumzi ndani ya maji na kuivuta nje. Mpishi wetu alitukuta hivyo, akarudi jikoni bila neno, na nadhani aliwasimulia Wawata wote. Baadaye tukawa tunakwenda naye Mwanza kila Jumatatu, siku ya mapumziko yetu, kwenye bwawa la hoteli moja, watoto wa shule wakitupita kulia na kushoto kama kambale.

Kosa letu lilikuwa lile la kila mwenye hofu: kuinua kichwa. Kichwa kikiinuka, miguu inazama. Miguu ikizama, mtu anapiga maji kwa nguvu zaidi. Akipiga zaidi, pumzi inaisha. Mwili wenye hewa mapafuni huelea wenyewe ukilazwa, lakini yeyote ambaye amewahi kuogopa atawaambia kwamba kulijua jambo hili hakusaidii kitu. Mchimbaji mmoja wa Rwamgasa alitueleza vema kuliko vitabu. Alisema ndani ya duara, hewa ikiwa ndogo, anayehangaika huimaliza yake na ya wenzake.

Jumatatu ya nne au ya tano, tukiwa tumekaa ukingoni mwa bwawa, kijana akasema, akitazama maji, “Baba, usiku ule upepo haukuwa mkubwa.”

Tukamjibu, “Tunajua.”

“Nilisubiri hadi saa saba.”

Hatukuwa na la kusema. Miaka yote ya teolojia ya Kipalapala haikutupa sentensi moja. Baada ya muda akatuambia turudi majini, tujaribu kuelea chali mara kumi, tusishike ukuta. Tukaelea mara tatu, ya nne tukashika.

Mazoezi mengine hayana maneno mengi. Baiskeli tulipanda alfajiri, tukipishana na wachimbaji wanaorudi kutoka zamu ya usiku na taa zao vichwani, karasha zikinguruma pembeni mwa barabara. Jambo moja la kuwaonya wanaotaka kujaribu: ukishuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia mara moja, miguu inakuwa kama ya kuazima. Misuli imezoea kuzunguka, sasa inaombwa ihimili uzito. Dawa yake ni kuyafanya mawili hayo pamoja mara kwa mara, hata kwa dakika kumi tu. Tulipuuza hili, kwa sababu za Shinyanga tulizokwisha kuzitaja.

Siku yenyewe tulikuwa washindani kumi na mmoja. Vijana walipanga vizuri kuliko kamati nyingi za parokia tunazozifahamu. Madumu ya njano yalifungwa mawe yakawa alama majini. Mitumbwi mitatu ilikuwa kando yetu. Mahali palichaguliwa na wavuvi wenyewe. Kwa ajili ya kichocho, ambacho kanda hii yote ya ziwa inakijua, tuliingia majini kutoka kwenye mtumbwi, mbali na majani ya pembezoni ambako konokono wake hukaa, na hata hivyo majuma kadhaa baadaye kila mmoja atakwenda zahanati kwa dawa. Tulianza saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Mita mia za kwanza zilikwenda. Mia ya pili tulihesabu pumzi kama tulivyofundishwa. Mahali fulani baada ya dumu la pili tukafungua macho ndani ya maji tukaona kijani kinachogeuka cheusi, bila chini, na mwili wote ukasahau beseni, bwawa na kila kitu. Kichwa kikainuka. Miguu ikazama. Tumehubiri mara nyingi juu ya Petro aliyeanza kuzama ziwani, na tukiri kwamba kila mara tulimlaumu kidogo, kwa ile sauti ya mtu aliyesimama kwenye sakafu ya saruji.

Mtumbwi ulikuwa umbali wa kasia moja. Kijana hakunyosha mkono. Alisema tu, bila haraka, “Lala, Baba.”

Tukalala. Masikio yakajaa maji, mbingu ikawa juu yetu, na ziwa likatubeba. Sijui kwa muda gani. Waliokuwa na saa wanasema dakika mbili. Baadaye tukashika ukingo wa mtumbwi, jambo ambalo kanuni za mchezo huruhusu mradi usikuvute mbele, tukakohoa, tukamalizia mita zilizobaki kwa kuelea chali na kupiga mateke kama chura. Tulitoka majini wa mwisho, na wa kumi alikuwa ameshaondoka na baiskeli zamani.

Kwenye baiskeli tuliwapita wanne, na tunaomba jambo hilo liandikwe mahali fulani. Kwenye mbio walitupita wote wanne. Wahubiri wa nchi hii tumemtumia sana John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho marathoni ya Mexico City mwaka 1968 akiwa amejeruhiwa goti. Sisi wenyewe tumemtumia katika homilia mara tatu. Tutasita kumtumia tena kwa wepesi ule. Kilometa ya nne hatukuwa tukiwaza ushujaa hata kidogo. Tulikuwa tukiwaza soksi iliyolowa na kama pilau litabaki. Lilibaki. Wawata walipiga vigelegele kana kwamba tumeshinda, na mmoja akauliza kwa sauti kubwa kwa nini Baba ametembea mwishoni.

Alhamisi iliyofuata tulivuka kwenda kisiwani. Hatukuwa tumeitwa. Baada ya Misa tuliwaomba waumini wabaki, tukawaeleza yale tuliyoyaandika hapo juu, kwa maneno machache kuliko haya. Hakuna aliyesema kitu. Mzee mmoja alivua kofia, akaivaa tena, akauliza kama sasa tutakuwa tunakuja kila mwezi. Tukasema ndiyo, na usiku pia, wakituita. Kisha tukaenda kaburini pamoja na familia.

Kwa hiyo ratiba ya kigango cha kisiwani imebadilika: ni Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, mtumbwi unaondoka mwaloni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Majaketi ya kuokolea maisha yapo manane, na hatutaondoka na watu tisa, hata wa tisa akiwa mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei. Wazazi wanaotaka watoto wao wafundishwe kuogelea waandikishe majina ofisini; mwalimu mnamfahamu sasa.

Wakati wa kurudi siku ile injini ilizimika katikati ya ziwa, na upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Kijana alivuta kamba mara tano, sita, haikuwaka. Akatazama mawimbi, akatutazama sisi, akatupa kasia moja na mwenyewe akachukua jingine.