Jumamosi Asubuhi, Nyuma ya Salamabila



Kila mwezi wa saba watoto wetu wa chuo kikuu wanarudi. Wanashuka kwenye pikipiki wakitoka Kasongo, Kindu, wengine Bukavu, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope, nasi tunapika sombe yenye mawese mengi. Siku ya tatu furaha inapungua. Mtoto analala mpaka saa nne, hasemi na mtu, anatazama simu tu. Tunasema chuo kimemharibu, amekuwa mvivu.

Sisi walimu tulisema hivyo pia. Tulisoma ISP, tunaujua uchovu wa kujifunza mtihani kwa mwanga wa tochi mwezi mzima, lakini ukishakuwa mzazi unasahau haraka.

Basi kiangazi hiki tulijaribu kuwatoa nje, Jumamosi asubuhi, watembee bila kazi. Mahali pengine jambo hili linafundishwa kabisa. Wajapani walilipa jina mwaka 1982, shinrin-yoku, yaani kuoga msituni. Hakuna maji, mtu anatembea polepole kati ya miti, ananusa, anasikiliza. Kule Marekani, Roger Ulrich aliandika mwaka 1984 juu ya wagonjwa waliopasuliwa kutolewa kifuko cha nyongo: waliolala penye dirisha la kuona miti walirudi nyumbani mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, na dawa kali za maumivu walizihitaji kidogo. Nako Uingereza, watafiti walipoangalia majibu ya watu karibu 20,000, waliona mwaka 2019 kwamba wanaokaa penye miti na majani walau dakika 120 kwa juma wanajisikia wazima zaidi. Dakika 120! Mama wa Salamabila anazimaliza shambani kabla ya chai. Ila mwenye jembe mkononi na mtoto mgongoni haoni miti, anaona magugu.

Tabu ilikuwa wasichana. Wavulana waliruhusiwa mara moja. Kwa wasichana kila mama aliuliza: njia gani, na nani, mtarudi saa ngapi? Hatukuwalaumu. Tunajua tumeishi miaka gani hapa, na wengi wetu tumewahi kulala porini na watoto, si kwa kupumzisha moyo. Mtu aliyekimbilia msituni usiku ukimwambia msitu unaponya, atakutazama tu. Kwa hiyo tulimwarifu chifu njia tutakayopita, tukawaambia wamama: njooni nanyi. Walikuja watano.

Tuliondoka saa kumi na mbili, baridi ya kiangazi bado ipo. Tulipita mihogo, kisha michikichi, kisha nyasi zilizochomwa, nyeusi, zinazonuka moshi. Chini kidogo ni mashimo ya dhahabu. Hapo tulitembea mmoja nyuma ya mwingine, maana shimo lililoachwa linafunikwa na majani, na mguu hauna macho. Mto unaopita pale umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kijana mmoja alitaka kunawa uso, mama mmoja akamshika mkono: “Hapana baba, wanaoshea dhahabu humo.” Zebaki ya wachimbaji haionekani majini wala hainuki.

Ilibidi tupande karibu saa nzima, mpaka juu ya mashimo, ndipo tukakuta maji meupe chini ya miti mikubwa. Tuliwaomba wakae dakika ishirini, simu zimezimwa, kila mtu peke yake lakini aonekane. Wamama walicheka kwanza. Mmoja aliokota kuni. Tukamwacha, mkono uliozoea hautulii kwa amri. Halafu kelele za ndege zikapanda, hata yeye akakaa juu ya mzigo wake.

Wakati wa kushuka, msichana mmoja alikuwa akitembea nyuma na mama yake. Hatukusikiliza kwa makusudi, njia ni nyembamba. Alimwambia kwamba hakufaulu mwaka huu, na tangu mwezi wa pili halali vizuri. Pesa ya masomo ni mchele wa mama, magunia aliyoyalima mwenyewe, ndiyo sababu alishindwa kusema. Mama hakujibu upesi. Tulifika kwenye nyasi nyeusi bado yuko kimya. Kisha akauliza, “Na unakula vizuri kule?” Msichana akalia. Mama akamtwika nusu ya kuni, wakaendelea kushuka.

Nyumbani wangelisemana, pengine. Mwaka wa masomo bado umepotea na mchele umeliwa. Matembezi hayakurudisha hata gunia moja. Lakini sasa wanapanga wawili, na msichana analala.

Jumamosi ijayo tunaondoka tena saa kumi na mbili, nyuma ya shule. Vaeni viatu vilivyofunikwa kwa ajili ya nyasi zilizochomwa, mchukue maji ya kunywa kutoka nyumbani. Binti asiyekuja na mama yake aje na shangazi au dada mkubwa. Mvua zikianza mwezi wa tisa tutaacha, kwa sababu kingo za mashimo zinabomoka.