Manati ya Ndege

Haya wadau, nimerudi. Najua kuna watu walishatangaza kwamba nimedisco, na wengine eti nimeolewa kimya kimya, loh! Hakuna lolote. Nilikuwa TP, wiki nane huko Rufiji, na mtandao wa kule mpaka usimame chini ya mwembe fulani na simu uinyanyue juu kama unaapa. Na kabla ya hapo nilikuwa bize na kazi moja ambayo rumeti wangu mpaka leo hajaielewa vizuri. Nilikuwa najenga manati ya ndege.

Sasa nikisema manati ya ndege kila mtu anafikiria ile ya kaka zetu: kijiti chenye pacha, mpira wa tyubu, kipande cha ngozi, na ndege maskini ametulia zake juu ya mti. Siyo hiyo. Hii yangu ni mfano wa mtambo uliokuwa kwenye manowari za zamani, kazi yake kurusha ndege yenye injini na watu wawili ndani. Nimeujenga kwa skeli ya 1 kwa 72, tena kuanzia sifuri, sikununua boksi lenye vipande vilivyokatwa tayari.

Kwa nini nijisumbue? Wanaosoma elimu wananielewa. Unapelekwa kufundisha fizikia shule ambayo maabara ni chumba chenye meza mbili na chupa za vumbi, halafu unaambiwa andaa zana. Wengi wetu tunachora kwenye manila, tunabandika ukutani, tunapata maksi, maisha yanaendelea. Mimi nilitaka kitu mwanafunzi akishike mkononi, kiwe na hesabu ndani yake, na kiwe na sababu ya kuwepo Rufiji. Sababu hiyo ipo, na ni historia yetu kabisa.

Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na Waingereza wakawa hawaioni kutoka baharini. Wakaleta ndege za kutua majini. Novemba 1914 rubani mmoja, H. Dennis Cutler, aliruka kutoka kisiwa cha Niororo karibu na Mafia akaenda kuitafuta. Lakini ndege inayoanzia majini ina shida zake. Maji yanaling'ang'ania boya, mawimbi yanagonga, na joto la kwetu lilikuwa linazimaliza injini za wakati ule. Zile zilizoletwa mwanzoni mwa 1915 ziliinuka kwa taabu mno. Königsberg ilikuja kuharibiwa tarehe 11 Julai 1915 kwa mizinga ya meli, ndege zikiwaelekeza wapigaji kutoka juu.

Dawa ya shida hiyo ilikuwa inatengenezwa Marekani miaka hiyo hiyo: badala ya kuisubiri ndege ihangaike na maji, itupe. Novemba 1912 Theodore Ellyson alirushwa kwa manati pale Washington, na Novemba 1915 Henry Mustin akarushwa kutoka kwenye meli yenyewe, USS North Carolina, huko Pensacola. Ilipofika Vita ya Pili ya Dunia, manowari kubwa za Marekani zilikuwa na manati mbili nyuma ya meli na winchi moja katikati yake. Mimi nimejenga moja ya hizo, pamoja na ndege yake, Kingfisher.

Mtambo wenyewe una urefu wa karibu mita 20 na kidogo, kwa hiyo kwenye skeli yangu ni kama sentimita 29, unaingia kwenye begi. Ubavu wake si bamba zima, ni vyuma vya mshazari kama mnara wa simu, ili uwe mgumu bila kuwa mzito. Hapo ndipo penye kazi. Nilichora ubavu mmoja kwenye karatasi ya grafu kwa vipimo kamili, nikaifunika karatasi kwa selotepu ili gundi isishike, halafu nikapanga vijiti juu ya mchoro. Vijiti vyenyewe ni kadi za benki zilizokwisha muda, nimezichana kwa wembe na rula ya chuma, upana milimita moja na nusu. Ubavu wa pili unajengwa juu ya mchoro ule ule, siyo mchoro mwingine, maana zikitofautiana hata nusu milimita, ukiziunganisha mtambo mzima unapinda kama ndizi. Reli za juu ni waya wa umeme niliounyoosha kwa kuuvuta. Sahani ya kuzungukia, maana mtambo lazima ugeuke kufuata upepo, ni kifuniko cha chupa ya maji. Roda ni vifungo vya kola ya shati, na kamba ni uzi mweusi wa kushonea.

Hizo roda ndizo zilizonifundisha mimi mwenyewe. Baruti inalipuliwa, gesi inasukuma pistoni, na pistoni inavuta kamba inayokokota kitoroli kilichobeba ndege. Lakini pistoni inatembea kidogo tu, na kitoroli kinatakiwa kitembee njia nzima. Kwa hiyo kamba inazungushwa kwenye roda kadhaa ili mwendo mfupi wenye nguvu nyingi ugeuke mwendo mrefu wa kasi. Ni ile roda ya kuinulia mizigo, imegeuzwa kinyume. Nimeisoma tangu kidato cha pili, nimeijibu kwenye mitihani sijui mara ngapi, lakini siku ile nimeshika uzi na vifungo ndipo nilipojua kweli inafanya nini. Kitu usichojua kazi yake hukiwezi kukijenga, gundi haidanganyiki.

Rumeti yeye alikuwa na lake. "Shosti, vitu vyote vya duniani, umeona ukajenge silaha? Si ungejenga hata jahazi?" Sikuwa na jibu la maana, nikamwambia jahazi halina baruti. Akaguna akalala.

Basi, tukafika TP. Kidato cha tatu, wanafunzi sitini na kitu, somo la skeli na ujazo kwanza. Nikawaambia: Kingfisher ikiwa imejaa mafuta na watu inafika kilo 2,700. Mabawa yake ncha mpaka ncha ni karibu mita 11, na hii yangu ni sentimita 15. Je, hii yangu ikiwa imeundwa kwa vitu vile vile itakuwa na uzito gani? Mikono juu. Wanagawanya kwa 72, kilo 37 na nusu! Darasa zima linakubali. Nikaichukua ndege kwa vidole viwili nikaizungusha hewani, nikawauliza, hii inakaribia mfuko wa saruji? Wakacheka mpaka wa darasa la pili wakachungulia dirishani. Halafu kijana mmoja wa nyuma, ambaye niliambiwa hesabu hazipandi kabisa, akasema taratibu, "Madam, imepungua urefu, na upana, na kimo." Ndiyo hiyo hiyo! Unagawanya kwa 72 mara tatu, yaani kwa 373,248, unapata gramu 7 hivi. Yangu nimeichonga kwenye foma ya kufungia chipsi, nikaipima kwenye mizani ya maabara chuoni, nikawa naongeza na kupunguza mpaka ikakaa hapo hapo kwenye 7.

Kipindi cha pili ndicho alichokuja mwalimu wa chuo kunikagua. Mada ilikuwa mchapuko. Nikasema tuchukue ndege inatoka kwenye manati kwa kilometa 100 kwa saa, yaani kama mita 28 kwa sekunde, na njia yake ni mita 17. Wakafanya wenyewe ubaoni: mchapuko ni mita 23 kwa sekunde kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya ule wa kitu kinachoanguka. Muda ni sekunde 1.2. Nikawaeleza kwamba rubani alikuwa anaegemeza kichwa nyuma kabisa kabla ya kurushwa, na kwamba mrushaji alisubiri meli iinuke na wimbi ndipo atoe amri, kwa sababu ukirusha meli ikiwa imeinama unamtupa mtu majini. Nikafyatua ya kwangu kwa raba bendi. Ndege ikatua dawati la tatu. Kelele!

Zikabaki dakika tano. Andalio la somo linasema: muhtasari, zoezi, hitimisho. Mkaguzi kashaanza kukunja karatasi zake. Ndipo binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Sasa madam, ikishatupwa inarudije?"

Wadau, swali hilo halikuwemo popote kwenye andalio langu. Na ndilo swali kubwa kuliko yote. Manati inajua kutupa tu, haijui kupokea. Nikaacha hitimisho, nikachora ubaoni. Meli inakata kona kali ili upande wa ndani maji yatulie kidogo, ndege inatua hapo. Inafukuzia wavu unaoburutwa na meli, ndoana iliyo chini ya boya inashika wavu, sasa ndege na meli vinakwenda pamoja. Halafu mtu anatoka kwenye kiti cha nyuma, anapanda juu ya ndege inayoyumba na feni inazunguka mbele yake, anadaka kulabu ya winchi kwa mkono na kuifunga. Kutupwa ni sekunde moja na kidogo. Kurudishwa ni kazi ya meli nzima.

Nikawaongezea moja ya kweli. Mwishoni mwa Aprili 1944, kwenye mashambulizi ya Truk katika bahari ya Pasifiki, marubani wengi wa Marekani walianguka majini. John Burns alikuja na Kingfisher ya USS North Carolina, hii nyingine mpya yenye jina lile lile, akaanza kuwaokota. Wakapanda mpaka juu ya mabawa, ndege ikalemewa haiwezi tena kuruka. Akaiendesha juu ya maji kama mtumbwi, akawafikisha kwenye nyambizi USS Tang. Walipona, ndege ikaachwa ikazamishwa. Darasa lilikaa kimya mpaka kengele ikalia. Na mimi hapo hapo nikapata la kumjibu rumeti. Siku bora kabisa ya ndege ile ilikuwa siku iliyoshindwa kuruka.

Mkaguzi aliniandikia kwamba zana ni nzuri, wanafunzi wameshiriki, ila "hakuzingatia andalio la somo" na hitimisho halikufanyika. Maksi zikashuka kidogo. Sina ugomvi naye, karatasi yake ina kisanduku cha hitimisho na yeye kazi yake ni kujaza visanduku. Lakini wenzangu mnaojiandaa kwenda TP, nawaambia kama dada yenu: mtoto akiuliza inarudije, mjibuni. Maandalio tutaandika mpaka tustaafu, swali lile linakuja mara moja.

Manati zenyewe hazikudumu. Helikopta zilipokuja baada ya vita, zinazopaa na kutua zenyewe, mitambo ile iling'olewa kwenye meli. USS North Carolina ya Burns sasa ni makumbusho pale Wilmington, na kwenye sitaha yake kuna Kingfisher. Ya kwangu nimeiacha shuleni, ipo kabatini kwa mwalimu wa fizikia, mzee wa watu aliyenipokea vizuri sana.

Juzi amenipigia. Nikamwamkia shikamoo mwalimu, akanicheka, akaniambia yule binti na wenzake wanne wameanza kujenga winchi ya kuirudisha ndege. Wana waya, wana uzi, vifungo wameshang'oa kwenye mashati yao ya shule (mama zao watanitafuta, teh teh). Wamekwama kwenye kadi. Kwa hiyo wadau, mwenye kadi ya benki au kitambulisho cha plastiki kilichokwisha muda asikitupe, akate kipande chenye namba zake, alichobaki nacho aniletee bwenini, ghorofa ya pili, mlango wenye kitambaa cha njano. Kuna basi Ijumaa asubuhi.

Siku njema.